Majambazi Sita Kwenye Tuta la Heukera

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri na miguu imepungua kuvimba. Mimi ni mzima, nguvu ninazo za kugawia mtaa mzima.

Barua iliyopita nilikueleza jinsi majambazi sita walivyovamia bustani yangu mchana kweupe wakamvunja mkono shemeji aliyekuja kunitembelea, na jinsi nilivyowatawanya kwa mpini wa jembe. Mmoja nilimbandika ukutani kama bango. Kiongozi wao, mwenye kovu shavuni, nilimng'oa meno manne, matatu akayameza.

Sasa umenijibu kwamba wanao wamempata mwenye kovu, muuza samadi wa sokoni kwenu, wamenoa mapanga, wanasubiri Jumamosi ashushe mzigo. Umesema mjomba wao nitajivunia. Dada, hapa soma polepole.

Heukera zangu unazijua, ule mmea unaopandwa kwa ajili ya majani, si maua. Nilikuwa nazo za zambarau, za rangi ya shaba, na za kijani cha ndimu, majani mapana kama sinia. Hata wasomi walisimama kwenye uzio wakaniuliza mimi, niliyerudia darasa la nne mara mbili. Basi zikaanza kunyauka. Nikivuta shina linakuja lote mkononi, chini hakuna mzizi, kama limepitiwa na kisu. Nikasema huyu ni hasidi. Nikajibanza nyuma ya pipa la maji siku tatu na mpini wangu, sili, sinywi, nasimama mguu mmoja kupumzisha mwingine.

Adhuhuri ya siku ya tatu nikaona mgongo wa mtu amechuchumaa kwenye tuta, mkasi mkononi. Sikuuliza. Nilipiga, mfupa ukalia kama kuni kavu. Akageuka, akainua mkono uleule kujikinga, nikaupiga tena. Pigo la pili, dada, uso wake nilikuwa nimeshauona. Mpini ulikuwa juu tayari, na mimi kurudi nyuma sijazoea.

Ni shemeji. Alitaka kukukatia chipukizi la zambarau akuletee, kwa mkasi wake wa kukatia nguo.

Kesho yake nilifukua. Mabuu meupe, manene, yamejikunja kama kucha zilizokatwa, yanatafuna mizizi. Niliyaponda kwa kisigino mpaka udongo ukalowa. Hasidi hakuwepo.

Majambazi niliwaunda njiani kwenda hospitali. Tulipoondoka walikuwa wawili, tulipofika ni sita. Shemeji akamwambia daktari ni kweli tupu. Baadaye aliniambia hataki uje uchague kati ya mume na ndugu. Kovu nililiongeza ili habari inoge. Huyo muuza samadi simjui, wala hajanikosea.

Waite wanao leo hii, funga mlango, wasomee yote kwa sauti, na pigo la pili usiliruke. Wakiona mapanga hayawezi kulala bure, njia ya kwangu wanaijua. Nitakaa kwenye kiti mbele ya mlango, mikono mitupu.

Msalimie shemeji, akiikataa salamu yangu usimlazimishe. Wasalimie na wanao, lakini kwanza wakukabidhi hayo mapanga.

Ni mimi mdogo wako, niliyemvunja mumeo mkono.