Mtani Aliyetengeneza Mita ya Sarafu

Chemchem, Tabora
Jumapili, 9 Juni 2024

Dada yangu Mwanahamisi,

Shikamoo. Je, magoti yamekuachia kidogo? Na huko Handeni mahindi yamekubali? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, ila nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja tangu tumzike mke wangu Mwajuma.

Unaikumbuka ile mashine ya gemu niliyokuwa naiunda kwa mbao, watoto watumbukize sarafu wacheze? Mwajuma ndiye aliyeipaka rangi, kazi yake ya mwisho kabla hajaanza kuugua. Mwenye duka alikubali ikae barazani kwake, mradi iwe na mita ya kuhesabu sarafu, tusije tukatiliana shaka kwenye mgawo wa pesa. "Isipofanya kazi mpaka Idd, iondoe. Nina magunia yangu," akasema. Nyumbani haipiti mlangoni. Ningelazimika kuibomoa.

Mita niliifunga mwenyewe. Sarafu ikiingia, namba inasogea vizuri, kisha kioo cha mashine kinazimika na gemu inaanza upya. Nikabadilisha waya, nikabadilisha swichi, hali ileile. Nikamwita Kabula, fundi redio wa mtaani. Ni Mnyamwezi, na unajua wao ni watani wetu sisi Wazigua, kwa hiyo hata salamu hakutoa.

"We Mzigua, babu zangu walibeba mizigo kwa miguu mpaka kwenu pwani, wewe umeshindwa kufikisha umeme kutoka hapa mpaka hapa?"

Dada, ungemwona anavyofanya kazi! Kwanza hakugusa kitu. Alitumbukiza sarafu, akafumba macho, akasikiliza. Akaniambia ndani ya mita mna koili, waya uliozungushwa, na kila inapoachia, inarudisha mshtuko wa umeme kwenye waya. Huo ndio unaozima gemu. Akang'oa dayodi kwenye redio mbovu, kidude kama punje ya mchele kinachozuia umeme usirudi nyuma, akailehemu kwenye miguu miwili ya mita kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Kisha akanipa sarafu nitumbukize mwenyewe.

Namba ikasogea. Gemu ikaendelea.

Kabula akaniangalia, akapiga ubao wa mashine kwa kofi. "Siku ya msiba nilikuwa Nzega, utani wangu wa mazishini sikuufanya. Mwajuma! Umetoroka, umetuachia huyu mtu na hata ugali hajui kusonga! Ulichoka naye, sema kweli!"

Mwenye duka akainama, akidhani nitakasirika. Mimi nikacheka, dada. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi na machozi yakinitoka. Sikuwa nimecheka tangu mazishi. Kabula akaninyang'anya kofia, akasema nikaikomboe kwa jogoo. Mpaka leo anayo, na mashine iko barazani, watoto hawaiachi.

Nisalimie shemeji, na mjomba wetu mwenye kikohozi.

Mkimsomea Mwajuma dua, na mimi mnikumbuke.

Mdogo wako,
Salehe