Intaneti ya Kwetu na Intaneti ya Kwenu

Nyumba ya kona, nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto wanaendeleaje, kile kikohozi cha mdogo kimepona? Sisi huku tu wazima, ila shemeji yako na mgongo wake. Juzi aliinama kuokota sabuni akabaki hapohapo mpaka nikaenda kumnyanyua. Mama anakula vizuri, anagombana na kuku wa jirani kama kawaida yake.

Barua hii anakuletea jirani yetu, yule dereva wa lori. Usishangae kuona kalamu na karatasi zama hizi. Ndiyo njia pekee ya kukufikia bila kukwama katikati ya sentensi.

Sasa tuje kwenye ule ujumbe wako. Niliusoma nikiwa naanika nguo, nikasahau hata kibanio mdomoni. "Dada, fungeni intaneti ya maana, mnatupotezea muda. Huku hata mtoto anaangalia katuni bila kukwama." Ati tunakupotezea muda! Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Unadhani hatutaki? Unadhani napenda kununua bando linaloisha kabla Mama hajamaliza salamu?

Haya, nisikilize. Mwaka jana walikuja watu wa kampuni ya intaneti na masululu yao, wakachimba mtaro mbele ya mlango wetu, wakavunja ile ngazi aliyoijenga marehemu Baba kwa mikono yake, wakalaza waya mnene wa faiba. Tukawapa na maji ya kunywa, tukijua neema imetufikia. Kumbe waya unapita tu! Unakwenda mpakani, unavuka daraja, unawahudumia watu wa ng'ambo, hadi huko mbali kwenu. Sisi tumeachiwa ngazi iliyovunjika, kila mgeni anajikwaa.

Nilikwenda ofisini kwao. Mkubwa wao akanionyesha ramani ukutani, mtaa wetu umepakwa rangi ya kijani. Akaniambia, "Mama, ninyi intaneti mnayo." Nikamwambia hatuna. Akagusa ramani kwa kidole, "Mnayo, mama. Hii hapa." Yaani nibishane na rangi! Nikamwambia basi mwanangu, njoo ukae kwetu wiki moja uitumie wewe.

Baadaye wakatutumia fundi. Akaja na ngazi, waya hana. Akarudi na waya, ngazi kaichukua mwenzake. Mara ya tatu akaja mikono mitupu kutuuliza kama tumeridhika na huduma. Shemeji yako alicheka mpaka mgongo ukamshika tena. Mimi sikucheka, nilimfungia mlango.

Sasa mtazame dada yetu wa kwa mama mdogo, yule fundi cherehani, pale ng'ambo ya daraja. Aliomba mwanzoni mwa wiki, na wiki haijaisha kisanduku kinawaka taa juu ya cherehani yake. Kikiharibika anapiga simu, na anayepokea ni mtu, si muziki. Anaombwa radhi, fundi anafika na ngazi na waya siku hiyohiyo. Na ni daraja moja tu! Nikisimama uani kwangu naziona nguo alizoanika. Mto ni uleule, mvua ni ileile, waya ndio ule uliovunja ngazi yangu. Nani kaamua kwamba wao wanastahili na sisi hatustahili? Nimekereka, mdogo wangu, nimekereka hasa.

Kabla sijasahau, mwanangu mkubwa amepata kazi kiwanda cha mbao. Analalamika vumbi, lakini anaamka mwenyewe siku hizi, namshukuru Mungu.

Narudi palepale. Watu wengine picha ikikwama wanabaki na sauti. Mama hasikii tangu sisi hatujazaliwa, mikono ndiyo mdomo wake. Akikosa picha amekosa vyote. Na unajua nyumba hii tulivyolelewa: mtu akiongea kwa mikono, humwondolei macho. Ukiangalia pembeni umemziba mdomo. Tulichapwa kwa hilo, mimi na wewe. Basi picha yako ikikwama, Mama haondoi macho. Anakutazama ulivyoganda, mdomo wazi, mpaka chai inapoa. Nikimgusa bega ananisukuma. Ananiuliza, itakuwaje kama mwanangu bado ananiona?

Ndiyo maana mwezi uliopita nilimvusha daraja. Alikuwa na neno la kukwambia, na alinikataza nisimtangulie. Alivaa gauni lake la buluu, akaketi mbele ya ile meza ya cherehani, na picha yako ikaja safi, hata kovu la kidevuni nililiona. Akakusalimia, akaanza: alikwenda kwa daktari wa macho. Hapo ndipo ulipoichukua ile simu yako nyingine. Ukainamisha kichwa ukawa unasoma, na kucheka ukacheka. Mama akashusha mikono yake mapajani, akangoja. Ulipoinua uso akakwambia kwa daktari wamemsifu, mambo ni mazuri. Wewe ukampungia mkono, ukakata.

Mambo si mazuri. Ni presha ya macho, na daktari anasema uoni uliokwisha kupotea haurudi. Jicho la kushoto limebaki kidogo sana, na la kulia nalo limeanza. Atapewa dawa ya matone, labda itazuia, labda haitazuia. Mimi nitaongea naye kwa kumshika viganja, niko hapa. Wewe uliye mbali utamshika kwa mikono gani?

Kampuni nitaendelea kupambana nayo, hiyo niachie mimi. Wewe panda basi uje, ukae mbele yake mwanga ukiwepo, na simu zako zote mbili uziache kwa wifi.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Shemeji yako anakusalimu akiwa kitandani. Dada fundi cherehani anauliza suruali ilikutosha? Mama nilimuuliza nikuandikie nini. Anakusalimu, na anasema usijisikie vibaya kuhusu siku ile. Hata huko kwenu mtandao ni mbovu, picha ilikwama.

Nimeandika kama alivyosema. Mimi siku ile nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Mungu akulindie macho yako na akujalie kuyatumia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimefura.