Tarakimu Iliyobaki Nje ya Jiwe

Chumba cha nyuma, Dobi,
S.L.P. 118.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa shemeji,

Salamu nyingi. U hali gani huko, na mkeo, na wale mapacha? Kikohozi kimekuachia? Sisi tunaendelea. Mama mkwe goti linamsumbua, ila ulimi mzima. Jana kamwambia mteja kola yake imechoka kuliko yeye.

Jiwe la kaburi la kaka yako limesimamishwa. Jina limekaa vizuri, na chini yake ile namba uliyoomba, namba yenu tangu utotoni: 73939133. Fundi mawe alipoiona kwenye karatasi aliniuliza, "Mama, simu hii mtu akipiga anapokea nani?" Nikamwambia, "Ukipokelewa, niite."

Sasa nikueleze linaloniuma. Fundi alianza na tarakimu kubwa mno, jiwe likamwishia. Tatu ya mwisho haimo. Pameandikwa 7393913. Aliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu, akasema yuko tayari kuchonga jiwe jingine.

Nilimwomba asubiri. Mume wangu alizoea kuiandika namba hiyo kwa chaki kwenye meza yetu ya pasi, kisha anafunika tarakimu ya mwisho kwa kidole gumba. "Bado tasa," anasema, yaani haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Anafunika nyingine, bado tasa. Hivyo hivyo mpaka inabaki saba peke yake. Kwa hiyo jiwe halisemi uongo, shemeji. Limepungukiwa tu.

Alisema pia kwamba yenye tarakimu nane ndiyo mwisho wa safari. Ukiongeza tarakimu yoyote mwishoni, haiwi tasa tena. Sifuri, tano na zote za shufwa hata mimi nilizijua. Moja na saba akanionyesha: jumlisha tarakimu zote, utaona inagawika kwa tatu. Zikabaki tatu na tisa. "Hizo ngumu kidogo, kaa nikuonyeshe." Nilikuwa na rundo la mashati ya watu, nikamjibu, "Kesho, bwana." Akacheka, "Haya, mwalimu mkuu." Wiki ile ile akalazwa, hakurudi.

Hadi leo sijui zile mbili zinagawika kwa ngapi. Walimu wapo mtaani, lakini sitaki kufundishwa na mtu baki. Ukipata nafasi niandikie wewe, polepole, kama unavyomwandikia mtoto.

Kuhusu jiwe, ningependa libaki lilivyo, ila wewe ni mdogo wake, sitaamua peke yangu. Ukitaka lichongwe upya, litachongwa, wala sitanuna. Nakuambia tu moyo wangu. Ile yenye tarakimu nane imefungwa, haina cha kuongezewa. Hii yenye saba bado ina nafasi ya mmoja, na mimi kila nikienda pale nasimama upande ule wa mwisho.

Mama mkwe anakusalimu, wifi mkubwa pia. Wabusu mapacha. Mungu awatunze na kuwarudisha salama.

Ni mimi ninayekupenda, sasa kwa niaba ya wawili,
Shemeji yako