Guta la Kubebea Asali

Mama Najiat,

Hujarudi sokoni, nasi tumeshaondoka kwenda porini kurina asali. Maharage yako jikoni, hayajatiwa chumvi. Tutarudi ~~Ijumaa~~ Jumapili, maana safari hii tuna guta la magurudumu matatu, linabeba ndoo nyingi kuliko baiskeli.

Asubuhi dukani nilishachagua lile jekundu linalong'aa. Nililipakia ndoo kumi za maji, likapanda tuta la reli bila shida. Nikampa muuzaji mkono. Ndipo mwanao Najiat akasema, "Baba, ndoo ya asali ni nzito kuliko ya maji. Tujaribu na mchanga."

Miaka thelathini nabeba asali, sikuliwaza hilo! Tulipotia mchanga, jekundu likanyanyua tairi la mbele kama mbuzi anayefuata majani ya juu. La bluu lililokuwa pembeni yake, pamoja na kupauka kwake, likapanda tuta kimya. Tumechukua hilo.

Iliniuma kidogo, mbele za watu. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nacheka.

Kuku uwafungie mapema. Na majirani wakikwambia wamemwona Najiat kashika usukani, mimi nimepakiwa nyuma pamoja na ndoo, usibishane nao. Nimeomba mwenyewe.

Baba Najiat