Sahani za Zafarani Ghalani Kibiti

Baba yangu,

Jana mama mmoja kutoka Ruaruke nusura anywe kazi yangu.

Nimekodi ghala kuukuu la korosho hapa Kibiti, nikatundika sahani nyeupe kwa mishipi ya kuvulia, kila moja nimeiandika kwa wino wa zafarani. Si aya, hizo sikuthubutu. Ni maneno uliyokuwa ukiwaambia wagonjwa barazani kwetu: "Karibu, umefika." "Lia tu, hapa hapana mgeni." Upepo ukipita, yanazunguka. Vijana wa mjini wanaiita sanaa. Wewe ungeuliza inaliwa na nini.

Unakumbuka nilivyokusagia zafarani? Ukimaliza kuandika kombe, zile aya juu ya sahani, uliliosha kwa marashi, mgonjwa akanywa, nami namkodolea macho nione herufi zikishuka kooni. Ulinicheka: "Hayo hayaonekani, we mtoto. Yanafanya kazi."

Basi yule mama aliingia na mwanawe mgongoni, Salehe, mwili unachemka. Kasikia binti wa Mwalimu, yaani wako, amerudi, anaandika makombe. Akaangua sahani moja, akafungua chupa yake ya maji.

"Mama, hiyo si dawa! Twende hospitali."

"Mji umekutia kiburi. Babako hakumfukuza mtu."

Nikamshika mkono, akauvuta. Mtoto akakakamaa, macho yakageuka. Niliogopa, baba. Nikaikimbilia sahani iliyoning'inia karibu na mlango, nikaisoma kwa sauti kubwa: "Mtoto mchanga aanzie kwa daktari. Kombe litamngoja."

Akaifunga chupa yake.

"Kasema Mwalimu?"

"Kila siku alisema hivyo."

"Niitie bodaboda."

Mimi nilimwambia jambo lile lile, akanitukana. Wewe uko kaburini, akakutii. Sijui nifurahi au nione wivu.

Salehe amelazwa. Tangu jana hajafumbua macho, na mama yake ameniomba nimwandalie kombe lake. Hapo nimekukasirikia kweli. Ulinifundisha kusaga wino, hukunifundisha cha kuandika. Kalamu ile, ulisema, si ya mtoto wa kike. Nimekaa na sahani tupu tangu asubuhi. Mwishowe nimeandika nilichoweza: *Salehe, amka.*

Hii sitaitundika. Iko mapajani mwangu, wino bado mbichi, na simu kutoka hospitali haijalia.

Mungu akupanulie kaburi lako, baba.

Ni mimi,
kitindamimba wako