Mzee Mafuvu Akae Ndani

Jumanne, 9 Septemba 2025

Nimerudi kutoka lokesheni Kilambo, mwili wote unanata. Damu yetu ni juisi ya rozela, na sisimizi hawajui kama ni filamu. Wamenitambalia mpaka ndani ya kaniki. Dairekta Amiri anasema vumilia mzee, mwanga unaondoka.

Filamu ya ishirini na saba hii. Zote mimi ndiye Mzee Mafuvu, mchawi. Zote nakula watu, na zote nakufa mwishoni — nimechomwa moto, nimepigwa mawe, leo mamba wa maboksi kanivuta mtoni. Miaka sitini na moja, bado napakwa masizi na unga wa muhogo usoni. Nimechoka.

Nilimwomba Amiri, safari ijayo nipe hata mwalimu, hata mlinzi wa benki. Akacheka. Anasema sura yangu ndiyo inayouza.

Dereva bajaji kanishusha hapa Chuno, hakutaka kupokea nauli mkononi mwangu. Weka kwenye siti tu, mzee.

Alhamisi, 11 Septemba

Binti yangu Ines kanipikia pweza wa nazi. Nikajua kuna neno.

Jumapili watu wa mchumba wake, Joaquim, wanaleta posa kutoka Kitaya. Watu wazuri, wana mashamba ya mpunga. Ila baba mdogo aliyemlea Joaquim, Mzee Samweli, ana banda la video kijijini. Filamu zangu ameziona zote. Joaquim alijaribu siku moja kumwambia kwamba yule Mafuvu ni mtu wa kawaida tu, ana familia. Mzee akatema mate. Anasema mtu hawezi kuigiza vile kama hana jambo lake. Joaquim akaogopa, hakumalizia kwamba ndiye mkwe wake mtarajiwa.

Halafu Ines akasema, bila kuniangalia — baba, Jumapili ungekaa ndani.

Nikasema sawa. Nikamaliza pweza. Nimeumia, siandiki zaidi.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama Ines kamwambia mwanawe, filamu hizo hizo ndizo zilizokusomesha. Ines akalia. Nikawaambia basi, yaishe. Namtaka binti yangu aolewe. Nitakaa ndani.

Jioni kaja Silvio, kaka yake mama Ines. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno kwenye posa, hakuna atakayeshangaa. Wakiuliza baba, atasema nimesafiri, niko Newala kwa ndugu. Nimemfanyisha mazoezi. Ovyo kabisa! Anasema huku anajikuna sikio. Shemeji, nikamwambia, sema polepole, mwangalie mtu machoni, usiongeze neno. Akanijibu yeye ni fundi baiskeli. Mara ya tano ndiyo akapata.

Miaka yote hii sijapata mwanafunzi. Nimempata wa kumfundisha kusema sipo.

Jumapili, 14 Septemba

Saa nane mchana. Naandika kitandani, mlango nimeurudishia. Nimevaa shati jeupe la kanisani, sijui kwa nini.

Wamefika sita. Nawasikia vizuri, kati yetu ni ukuta tu. Mzee Samweli ana sauti nzito, mcheshi kumbe. Barua imepokelewa. Soda zimefunguliwa.

Wameuliza baba. Silvio — kasafiri, yuko Newala. Polepole, kama nilivyomfundisha. Safi.

Mzee Samweli anasema basi tumpigie simu, si vizuri tuondoke hata sauti ya mkwe hatujaisikia.

Nimezima simu yangu.

Najua Silvio anajikuna sikio. Halafu kasema — Mungu wangu — kasema ndugu zangu mtusamehe, ilikuwa vigumu tu kutamka. Baba yake Ines ni marehemu.

Mara ya ishirini na nane hii. Hakuna iliyoniuma hivi.

Wanasema poleni. Viti vinasogea, wamesimama kuniombea. Mzee Samweli anaongoza. Anamwombea mtu asiyemjua apumzike kwa amani, na anaomba kwa moyo kabisa. Laiti ningekutana naye mahali pengine. Nimeinamisha kichwa na mimi. Mama Ines analia, na si maigizo.

Amina.

Sasa Mzee Samweli anasema na Ines, kwa upole. Mwanangu, kabla hatujarudi Kitaya tupeleke kaburini tukamsalimie baba yako.

Silvio anaingilia, ni mbali sana. Mzee anasema gari lipo, mafuta yapo, twendeni.

"Si mbali." Ni Ines huyo. Hilo tu.

Kiti kimesogea. Viatu vyake vinakuja huku koridoni. Silvio anamwita, haitiki. Vimesimama hapa mlangoni.

Nimefunga kifungo cha juu cha shati.