Akaunti ya Msumari

Tarehe 4 Februari

Kwa binti yangu Msumari,

Salaam nyingi. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia randa siku nzima. Natumaini nawe hujambo. Naandika barua kama watu wa zamani kwa sababu namba yangu umeifungia kwenye simu yako. Sikulaumu, hizo ni akili za mama yako.

Hongera kwa kutimiza miaka kumi na minane. Kwa kuwa sasa ni mtu mzima, nina kazi ndogo ya kukupa. Unaikumbuka ile akaunti ya mtoto niliyokufungulia ungali na meno ya utoto? Usije ukajidanganya kwamba ilikuwa zawadi. Ile ilikuwa stoo yangu. Nilipokuwa naachana na mama yako, hakimu aliniuliza hela za karakana zimekwenda wapi. Nikaapa kwamba zile zilizoko benki ni za mtoto, mimi ni mlezi tu. Hakimu akafurahi, akaamuru zisiguswe mpaka ukue. Mama yako akatoka pale na pasi zake mbili na godoro. Kitanda sikumpa, maana nilikitengeneza mimi.

Tangu hapo nimekuwa nikiijaza. Wauza mbao wakija kunidai nawaonyesha akaunti yangu, haina hata senti, wanaondoka wamenywea. Huo ndio ubongo, mwanangu. Nakueleza ujifunze, maana upande wa mama yako kitu hicho hakikupita.

Sasa nimepata duka la fanicha barabara kuu, lenye vioo mbele, na mwenye jengo anataka hela yake ifikapo katikati ya mwezi ujao. Nenda benki utoe zote, unitumie. Ni kutia saini tu, hata wewe utaweza. Ukimaliza jikatie nauli na kitu kidogo cha kununulia viatu.

Baba yako


Tarehe 19 Februari

Kwa baba,

Shikamoo. Hiyo ni ya desturi, usiiweke moyoni. Huku hatujambo. Mama naye ni mzima, ila miguu inamvimba kwa kusimama kupiga pasi nguo za watu. Hukumuulizia, nimekujibia hivyo hivyo.

Benki nilikwenda. Nilimwambia mama wa dirishani kwamba baba yangu anataka hela zake. Akatazama kompyuta, akaniuliza, "Zipi?" Nikamwambia hizi hapa. Akasema, "Mwanangu, hizi ni zako. Aliyeweka ameshaweka. Yeye alikuwa mlezi wa akaunti, na ulezi wake umekwisha siku ulipokuwa mtu mzima." Nikamuuliza kama mtu anaweza kumwekea mtoto hela halafu baadaye akasema alikuwa anatania. Alicheka mpaka mwenzake wa pembeni akageuka. Akasema wenye swali hilo wanakuja wengi, tena wamevaa suti.

Baba, miaka yote nilidhani wewe ni mtu mbaya mwenye akili. Mama ndivyo alivyokuwa akisema, na jana nimemwambia alikuwa anakusifia bure. Umemficha mama, umewaficha wauza mbao, halafu ukaenda kuzificha hela nyumbani kwa mwenye mali, na kila mwezi ukawa unamletea nyingine.

Tena umesahau kwamba siku ile mahakamani nilikuwepo. Nilikaa benchi la nyuma na soda uliyoninunulia ili nitulie. Nilikuona umenyoosha mkono unaapa kwamba hela zile ni za Msumari. Nilijivuna, baba. Niliona kumbe unanipenda. Mama alikuwa analia na mimi nakunywa soda.

Hela sitakutumia. Chumba ambacho mama anafanyia udobi kinauzwa. Mwenye nyumba amesema kama mama hakununua mpaka mwisho wa Machi, atoke na ndoo zake, ampishe kinyozi. Tulikuwa hatulali kwa kuwaza hela itatoka wapi. Sasa tunalala.

Viatu ninavyo.

Mwanao


Tarehe 27 Februari

Wewe mtoto,

Salaam leo sina. Barua yako nimeisoma nimesimama, na fundi mwenzangu akaniuliza kama kuna msiba.

Nani kakufundisha kuandika upuuzi huo? Mtoto wa juzi unanifundisha mimi hela ni ya nani? Nimekuzaa mimi. Jina nimekupa mimi. Hata hilo jina lililoko benki ni mali yangu! Nikitengeneza kiti nikakiweka kwa jirani, kiti kimekuwa cha jirani? Huyo mwanamke wa dirishani akuambie alisoma wapi, nami nitamwambia amrudishie baba yake ada.

Nakupa wiki mbili. Zikipita nakwenda mahakamani kusema ukweli wote, kwamba hela ile ni yangu tangu senti ya kwanza na wewe ulikuwa kabati. Wanasheria watakusaga. Na huyo mama yako mwambie akasugue soksi za watu, ndicho kipaji alichojaliwa. Alikaa na mimi miaka yote ile na bado hajui hata kukunja mkeka. Kununua chumba! Mwenye nyumba atamcheka mpaka avunjike mbavu.

Baba yako, utake usitake


Tarehe 10 Machi

Kwa baba,

Shikamoo. Ulisahau kusalimia, lakini kufoka nako ni kazi, nakuelewa. Pumzisha mgongo. Sisi hatujambo.

Kuna wakili mmoja anamletea mama mashati yake kila Jumatatu. Nilimpa barua yako akaisoma hapo hapo kwenye kibaraza, shati lake likiwa bado mezani. Alipofika kwenye lile neno kabati aliomba kiti. Akasema, "Mwache aende mahakamani. Akikosa nauli mwambie nitampeleka kwa gari langu."

Nakueleza taratibu, maana naona jambo hili halijakuingia. Ukisema hela ni zangu, yamekwisha, na mimi nimeshukuru. Ukisema ni zako, basi siku ile ulimdanganya hakimu ukiwa umeapa, na zile hela za karakana zilitakiwa zigawanywe kati yako na mama. Mama ataomba fungu lake. Wauza mbao nao wataomba lao, na nina hakika watajaa benchi lile la nyuma. Safari hii soda nitawanunulia mimi.

Kuhusu kiti chako. Ukimpa jirani kiti, ukaenda mbele ya hakimu ukaapa kwamba kiti ni cha jirani, halafu mwaka hadi mwaka ukawa unakwenda kumwongezea mto na kitambaa, ndiyo baba. Kiti ni cha jirani.

Basi chagua. Ningekushauri ukae kimya, ila najua kimya hukukizoea.

Mwanao


Tarehe 24 Machi

Kwa mwanangu mpendwa, kipenzi cha moyo wangu, Msumari,

Salaam nyingi sana zikufikie hapo ulipo. Habari za siku? Habari za kazi? Miguu ya mama yako inaendeleaje? Mwambie aiweke kwenye maji ya moto yenye chumvi. Zamani alikuwa akifanya hivyo, nakumbuka. Mimi afya yangu ni ya kusukuma siku.

Mwanangu, ile barua yangu ya mwisho ilikuwa hasira tu, na hasira si mtu. Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa miguuni pangu karakanani, unanishikia misumari, unanipa mmoja mmoja? Wateja wakiuliza huyu nani, nasema huyu ndiye msumari wangu wa mwisho. Jina hilo lilianzia hapo. Hakuna baba aliyempenda mtoto kama mimi, sema sikuwa na nafasi ya kuonyesha.

Mahakamani nimeona nisiende. Si kwa kuogopa. Ni kwa heshima yako.

Lile duka mwenye jengo kampa muuza simu. Kianzio nilichotoa amekila, anasema ndiyo makubaliano. Wauza mbao wamesikia sijui kwa nani kwamba nilikuwa napanga duka la vioo, na sasa wanakuja asubuhi na jioni, wengine wanakaa juu ya sofa za wateja. Maji yamenifika shingoni, Msumari. Tugawane nusu kwa nusu. Au robo. Hata ya mbao tu. Wewe una huruma, ulichukua kwangu.

Baba yako anayekupenda


Tarehe 6 Aprili

Kwa baba,

Shikamoo. Tumepokea salamu zako, na mama ameshangaa kuona miguu yake imo humo. Ametia chumvi, amepata nafuu kidogo.

Unajua kumpaka mtu mafuta, ila ulianza umechelewa. Ungeandika hiyo ya misumari mwezi wa pili ningelia, na pengine ningetuma. Nakuambia ili ujue ulichokichezea.

Chumba tumenunua, hati ni ya mama. Mwanzoni alikataa, akasema hela yako hataki hata kuinusa. Nikamwambia si ya baba, ni yangu, baba mwenyewe aliapa. Akafikiri, akacheka, akafunga kitambaa chake kichwani akaenda kutia saini. Mwenye nyumba hakucheka.

Sasa tuongee kazi. Mama bado analala kwenye godoro lile lile ulilompa, chini, sakafuni. Mwanamke aliyeolewa na fundi vitanda! Nataka umtengenezee kitanda. Kiwe kama kile ulichokibakiza, chenye droo mbili chini na ubao wa kichwani uliochongwa. Tumia mbao ngumu iliyokauka, maana nitaleta fundi mwingine akikague. Bei niandikie ile unayowaambia wateja wengine. Punguzo sitaki. Malipo ya awali nimekutumia leo kwa simu. Namba yako nimeifungua kwa kazi hiyo tu, usinipigie.

Risiti iandikwe jina la mama. Hii ndiyo hela pekee ya akaunti ile utakayoishika, na utaitolea jasho. Wape wauza mbao wainuke kwenye sofa za watu.

Mwanao


Tarehe 2 Mei

Kwa mteja,

Salaam. Sisi hatujambo.

Kitanda kimetoka leo na gari la mizigo. Mbao ni kavu, lete fundi yeyote umtakaye. Droo ya kulia msiivute kwa nguvu mpaka izoee. Ubao wa kichwani nimeuchonga mwenyewe, vijana sikuwaachia. Risiti iko ndani ya droo ya kushoto, jina ni la mama yako kama ulivyosema. Malipo yaliyobaki nimeyapata, wauza mbao wamechukua yote.

Mama yako akishakiona, niandikie amesemaje.

Fundi


Tarehe 9 Mei

Kwa baba,

Shikamoo. Kitanda kimefika salama. Fundi amekikagua, hakukuta kasoro.

Umeuliza mama amesemaje. Alivua viatu akapanda, akalala mchana kweupe, nikawaambia wateja warudi kesho.

Msumari